Usisimame kwa Hasira Peke Yake



Haya niliwaambia vijana wa Embu na Meru tulipokutana baada ya Maghrib. Ambao hamkufika mliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema.

Kijana mmoja aliniuliza: ndugu, chama nilichokipigia kura 2022 kimenivunja moyo. Nataka kusimama ubunge 2027. Niingie chama gani?

Kwanza, hasira yako naielewa. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa, na vijana wako nje barabarani. Huku kwetu Mlimani UDA ilipata kura nyingi mno 2022, na siku ile wengi tulijionea: mbunge akishaingia kwa nguvu za chama, simu ya chama ndiyo anayoipokea kwanza. Yako inaita tu.

Lakini kuingia chama gani ni swali la baadaye. Swali la kwanza ni hili: ukishachaguliwa, nani atakushika mkono usirudi kule kule ulikokukimbia?

Tuanze na Igembe South, Meru, mwaka wa 2017. John Paul Mwirigi alikuwa na miaka 23, bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, hana gari wala chama. Jubilee ndiyo iliyokuwa ikitawala, na kura za Meru ilizihesabu kama zake. Huyu kijana akasimama kama mgombea huru. Akatembea kwa miguu, akaingia vijiji na masoko, watu wa boda boda wakambeba. Akapata kura 18,867, mgombea wa Jubilee 15,411. Kila mara mtu akiniambia "bila pesa haiwezekani" mimi hutaja Igembe South tu, maneno yanaisha.

Sasa sikiliza sehemu ya pili, ambayo watu hawapendi kuisimulia. 2022 Mwirigi alitetea kiti chake kwa tiketi ya UDA, akashinda. Simhukumu, manake najua Bunge linavyoenda. Kamati hupangwa na vyama, na mbunge huru hana kiranja wa kumpigania. Miaka mitano peke yako ni mingi. Wale waliotembea naye 2017 walimpa kura, lakini sijui kama kuna aliyewahi kuwaita tena kabla ya uchaguzi uliofuata. Hapo ndipo tunapokosea sisi, si yeye peke yake.

Kawira Mwangaza naye alipita njia hiyo hiyo, tena mara mbili. 2017 akawa mwakilishi wa kike wa Meru bila chama. 2022 akawa gavana bila chama, akawashinda Kiraitu Murungi na Mithika Linturi, vigogo kabisa. Akafika kwenye bunge la kaunti hana kikosi chake. Wawakilishi wadi wakamtimua tena na tena, mpaka Agosti 2024 Seneti ikathibitisha aondoke. Kama alikosea au hakukosea, bishaneni. Mimi naangalia hesabu: ulipigiwa kura na wananchi, lakini ndani ya ukumbi huna mtu.

Na tafadhali usiniambie Mwislamu hachaguliwi Meru. North Imenti imekuwa na Rahim Dawood tangu 2013, na 2022 alishinda kama mgombea huru. Hiyo sababu tuiache.

Turudi Embu, manake hapa kidonda bado kibichi. Geoffrey Ruku alipoteuliwa waziri 2025, kiti cha Mbeere North kikabaki wazi. Uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 27 Novemba. Waliochoshwa na serikali wengi walikuwa nyuma ya Newton Karish wa chama cha DP. Leo Wamuthende wa UDA akapata 15,802, Karish 15,308. Tofauti ni kura 494. Kituo kimoja cha kupigia kura hubeba hadi watu 700, kwa hiyo hizo kura hata kituo kimoja hazijazi. Tuhuma za pesa zilisikika, najua. Lakini jiulize pia, kutoka Siakago mpaka Ishiara ni vijana wangapi walikuwa na kitambulisho mfukoni, hasira kwenye simu, na hawakuwa wamejiandikisha kupiga kura?

Kwa hiyo wewe uliyeuliza, kazi yako inaanza hivi. Ingia eCitizen uangalie kama umeandikwa chama. Usicheke. 2021 mimi nilijikuta mwanachama wa chama ambacho sijawahi hata kukanyaga ofisi yake, na Wakenya wengi walijikuta hivyo mwaka huo. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, sasa hesabu mwenyewe, na usingoje dakika ya mwisho. Jiondoe mapema, uweke ushahidi.

Halafu unahitaji wapiga kura wasiopungua 1,000 wa eneo bunge lako wakuunge mkono. Wengi huichukulia hii kama karatasi ya kujaza haraka haraka wiki ya mwisho. Mimi nasema hao 1,000 ndio chama chako. Mjue kila mmoja anakaa wapi, nani atakuwa wakala kituo gani, nani atakuja kukuuliza maswali kila baada ya miezi mitatu ukishakuwa mheshimiwa. Wasiwe wa msikitini kwetu tu. Mama wa sokoni, mkulima wa miraa, mwalimu wa kanisani, wote wawemo. Na ukubali mbele yao, kwa maandishi, kwamba kabla ya kuchukua tiketi ya chama chochote utarudi kwao kwanza. Katikati ya muhula Katiba yenyewe inakubana: mbunge huru akijiunga na chama anapoteza kiti. Uchaguzi unaofuata ndio hauna wa kukubana ila wao.

Tukionana tena usiniletee bango lenye picha yako. Niletee daftari lenye majina 50 ya kwanza na kituo cha kila mmoja, tukae tuyapitie.