Trekta la Marehemu Babu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Stockholm)



Nimepewa dakika chache nizungumzie lile Massey Ferguson 35 la marehemu Babu, lililolala chini ya mwembe kule Babati. Wapo wanaotaka liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Mimi napinga, wala si kwa ajili ya kumbukumbu tu. Shangazi hukodi trekta la watu kila msimu, na zamu yake ikifika mvua za kwanza zimekwisha kupita.

Matrekta ya aina hii yaliyotoka Coventry, Uingereza, tangu mwishoni mwa 1957, yalikuwa na injini ya dizeli ya Standard yenye silinda 4, mashuhuri kwa ubishi wa kuwaka penye baridi. Mwaka 1959 ikaja Perkins ya silinda 3. Perkins hiyo ikaendelea katika MF 135 lililofuata, na baadaye katika matrekta yaliyoundwa Pakistani. Ndiyo maana pistoni, gasketi na nozeli zake zinapatikana hadi leo kwa bei ya kiungwana. Vipuri vya Standard ni vya kutafutwa kwa tochi.

Basi tusichange hata krona moja kabla ya kujua injini ni ipi. Ndugu zetu walioko nyumbani wafungue boneti, wahesabu vibomba vyembamba vya dizeli viendavyo kwenye nozeli: vitatu au vinne? Kisha wanakili namba za kwenye kibati na zilizogongwa kwenye bloku, pamoja na herufi zake zote.

Ila wasijaribu kuliwasha! Pampu ya haidroliki imo ndani ya nyumba ya gia na hunyonya oili ile ile. Maji ya mvua hupenya penye mkono wa gia. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imwagwe yote kwanza. Bakuli la oili la chujio la hewa nalo lisafishwe, maana vumbi la Babati mnalijua.

Waswidi hawana haraka ya kutupa. Ferguson dogo la kijivu, TE20, lililotangulia hili letu, walilibandika jina la Grålle, jina la farasi wa kijivu, na wapo wanaolitunza mpaka sasa.

Namba zikifika, nitawaandikia bei, kipuri kwa kipuri. Hapo ndipo tupige kura, tulifufue au tuliuze.