Ndoto ya Kuondoka: Hassan wa Gurnah na Kijana wa Katumba

Katika Memory of Departure (1987), riwaya ya kwanza ya Abdulrazak Gurnah, Hassan anaota kuuacha mji wa pwani uliobanwa na dola baada ya uhuru. Anakwenda Nairobi kumdai mjomba urithi wa mamaye. Anarudi mikono mitupu.

Katumba, Mpanda, makazi ya mwaka 1973 ya Warundi walionusurika mauaji ya 1972 chini ya Micombero, yanaligeuza suala. Kijana aliyezaliwa humo alikuta safari imekwishafanywa na wazazi. Naye, kabla ya vyeti vya uraia vya 2014, alihitaji kibali hata kutoka makazini. Aote nini? Kuiita ndoto ukwepaji ni hukumu ya haraka: mtu huota kile alichonyimwa. Gurnah anamwacha Hassan melini, akimwandikia Salma barua.