Fedha ya Mwalimu wa Jioni: Mafundisho ya Nyumbani Butembo na Beni



Nataka tuzungumze juu ya mwalimu anayekuja nyumbani baada ya masomo, na zaidi juu ya fedha anayolipwa, kwa sababu fedha hiyo ina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ya Mobutu hapa Kongo iliposhindwa kulipa mishahara, walimu waligoma na shule zikafungwa. Wazazi na makanisa, ambayo yalikuwa yamekabidhiwa tena shule zao kwa mkataba wa 1977, walikubaliana kumlipa mwalimu kwa mchango wa kila familia. Hiyo ndiyo primu. Iliwafukuza shuleni watoto wengi wa maskini, nami sitaitetea. Hata hivyo fedha ya wazazi iliingia mfuko mmoja, na mwalimu aliyelipwa nayo aliwafundisha wote walioketi mbele yake.

Septemba 2019 elimu ya msingi ya bure ikaanza kutekelezwa, kama ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Lilikuwa jambo la haki. Madarasa yakafurika, primu ikakatazwa, na walimu wengi hawakuwa bado kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Watoto wao walihitaji kula. Kwa maoni yangu, primu ilihamia sebuleni: mzazi mwenye uwezo humlipa mwalimu yuleyule, ila sasa analipia mtoto wake peke yake.

Na kitu anachonunua ni kipi? Mtoto wa Bulengera, mtaa wa Butembo, anaamka kwa Kinande, lugha ya kwao, anacheza kwa Kinande na Kiswahili, kisha kuanzia darasa la tatu, na katika shule nyingi za mjini mapema zaidi, anasoma kwa Kifaransa. Mwisho wa sekondari anakutana na mtihani wa taifa, Exetat: kwanza insha ya Kifaransa, baadaye siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Mtoto anayeitwa mzito wa hesabu mara nyingi amekwama kwenye sentensi ya swali kabla hajafika kwenye hesabu yenyewe. Mwalimu wa nyumbani humsomea sentensi hiyo polepole, humweleza kwa Kinande, kisha humrudisha kwenye Kifaransa. Akifanya hivyo kwa wiki chache, mtoto anafunguka. Si mbinu ya siri. Ni kazi ambayo darasa lililojaa haliipi nafasi, na inaniuma kuona inauzwa.

Sasa tazameni Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewaondoa watu Eringeti, Mbau na vijiji vingi, wakakimbilia Oicha na mjini. Mwaka 2018 Ebola ikafika, ikakaa hadi Juni 2020, na humo humo korona ikafunga shule za nchi nzima. Aprili 2021 wanafunzi wenyewe walikwenda kukaa kwenye uwanja wa ofisi ya meya wakidai usalama. Watoto hao wamepoteza masomo mengi, wala familia iliyokimbia na godoro moja haina cha kumlipa mwalimu. Tena huko hata hilo neno jioni halifai, maana giza linaleta hofu. Masomo yawe mchana au Jumamosi.

Wako wanaotaka mafundisho haya yapigwe marufuku. Kenya ilijaribu: sheria ya elimu ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo na kuweka adhabu, lakini masomo hayo yaliendelea, kwa kuwa shinikizo la mitihani lililowasukuma wazazi halikuondolewa pamoja nayo. Sitaki njia hiyo. Ninachotaka kikatazwe ni kimoja tu, na bila huruma: mwalimu kupokea fedha ya mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe ndiye anayempa alama. Hapo ndipo somo la asubuhi linapoanza kupunguzwa ili la jioni lipate mnunuzi.

Lililobaki, yaani kuwafikishia masomo haya wasioweza kulipa, tunaliweza. Butembo imejengwa na wafanyabiashara wake. Chuo cha Graben, kilichoanzishwa 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, kimesimama pia kwa mikono yao. Basi wazazi wanaolipa nyumbani waweke sehemu ya fedha hiyo kwenye mfuko wa shule ya mtaa wao. Nasi wa vyuo, Graben, ISP Muhangi, Chuo cha Ruwenzori, na UCBC kule Beni, tuhesabu Jumamosi za kufundisha watoto waliokimbia kuwa sehemu halali ya mazoezi ya wanafunzi wetu, yenye alama zake. Nitalipeleka pendekezo hili kwenye baraza la idara yangu. Vyumba vya parokia visivyo na darasa Jumamosi vitatosha. Zitakazohitajika ni mbao, chaki, na vijana wanaoweza kueleza sehemu za hesabu kwa Kinande na kwa Kifaransa.