Boma na Meza ya Bwana

Katika eneo la starehe la Walt Disney World, huko Florida, Marekani, ipo hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001, ambamo twiga na pundamilia huonekana kutoka madirishani. Ndani yake umo mgahawa uliopambwa mithili ya soko la Afrika, nao huitwa Boma. Mgeni hulipa mara moja, kisha hujipakulia kadiri apendavyo.

Tulipoalikwa huko na wenyeji wetu, tamaa ya macho ilitushinda. Tulijaza sahani mara tatu; ile ya tatu ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Mhudumu alipoiondoa kimya kimya, tuliona haya. Sisi tuliohubiri mara nyingi juu ya mikate mitano na samaki wawili tulisahau kwamba Bwana aliamuru mabaki yakusanywe.

Tukatafakari jina lile. Kwa wazee wetu boma ni uzio unaolinda watu na mifugo yao. Alalaye ndani yake, wenzake hujua kama amekula au la. Pale tulikula kati ya watu wengi, wala hatukujua jina la jirani. Katika Meza ya Bwana hatujipakulii: twapokea Mkate mmoja uliomegwa kwa ajili ya wote.

Basi leo, tutokapo Misani, tujiulize: katika boma letu, ni nani aliyelala na njaa? Tumpelekee sehemu yake kabla hatujaketi kula. Amina.