CHAKULA CHA WAZEE NA NGUVU YA KUSHINDA MARADHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Chama, Kimandolu)



Imekuwa desturi kwetu wenye mishahara, tupandapo mlimani kuwaamkia wazee, kuwachukulia makopo ya unga wa asidi amino, kwa kuwa twaambiwa kwamba huwakinga na maradhi. Nia ni njema, lakini yatupasa kupima faida na gharama.

Protini ni mfano wa nyumba, na asidi amino ndiyo mawe yake. Mawe hayo ni aina 20, na katika hizo 9 mwili hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke katika chakula. Kingamwili, ndio askari wapiganao na maradhi, nazo hujengwa kwa mawe hayo hayo. Mzee akiugua, mwili wake hukopa mawe katika misuli. Misuli ikiwa imekwisha kukonda, hana akiba.

Mahindi yamepungukiwa na asidi iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yamepungukiwa na methionini, na mahindi huitimiza. Basi makande ya Wameru na Waarusha si chakula cha kudharauliwa. Tena kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, hapa hapa Arusha, kimetupa mbegu bora za maharagwe.

Mwaka 2013 jopo la wataalamu liitwalo PROT-AGE lilishauri mzee ale gramu 1.0 hata 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 60 ahitaji gramu 60 au zaidi. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, na gramu 100 za maharagwe makavu zaidi ya 20.

Mwaka huo huo zilitangazwa habari za wagonjwa mahututi waliopewa glutamini, ambayo ni asidi amino mojawapo: walikufa wengi kuliko wasiopewa. Hali yao si hali ya wazee wetu; walakini twajifunza kwamba kitu chema kikizidishwa si lazima kizidishe nguvu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kununua kopo tutazame bakuli la mzee. Je, amepewa mchuzi mtupu, na maharagwe wameyala vijana? Asiye na meno apondewe. Mwenye ugonjwa wa figo aulizwe daktari kwanza. Fedha ya kopo na inunue maziwa na mayai.