Tuhifadhi Waliyoyaona Nyanya Zetu



Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukidai Harry Thuku aachiliwe. Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wenzake wasirudi nyuma, aliuawa kwa risasi. Jina lake tunalijua. Majina mengi ya akina mama walioshuhudia hayakuandikwa popote. Yamebaki kwa wajukuu waliosimuliwa, nao sasa wamezeeka.

Ikiwa kwenu yuko mzee kama huyo, keti naye wiki hii. Mrekodi kwa simu, kwa lugha yake ya mama. Andika alisimuliwa na nani. Usimkatize, wala usimsahihishe ili alingane na kitabu.