Maji Yapitayo Kalenga

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za maji yaendayo.

Siku moja niliwachukua wanafunzi wangu mpaka Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Hapo ndipo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojenga ngome ya mawe, nayo ilitekwa na Wadachi mwaka 1894. Kando yake wapita mto Ruaha Mdogo. Mwanafunzi mmoja akateka maji kwa kiganja, akaniuliza, "Mwalimu, haya ndiyo maji aliyokunywa Mkwawa?"

Nikamjibu, "Sivyo, mwanangu. Yale yalikwenda zamani. Yaliingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, hata yakafika baharini. Kingo ni zile zile. Maji ni mengine."

Usiku ule maneno yangu yakanirudia mwenyewe. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, huko kwetu Mbeya, nami nilikuwa nimekataza kitu chake chochote kisiondolewe. Hata mtungi wake ulikaa pale pale mlangoni, na maji yaliyobaki ndani yakaoza. Nilipokwenda likizo nikayamwaga, nikampa mtungi binti wa ndugu yangu. Alfajiri nikamwona apanda kutoka mtoni, mtungi kichwani, aimba. Nikalia, lakini kilio kile hakikuwa na uchungu kama cha kwanza.

Walakini mtu asidhani ya kwamba kila badiliko ni la kukubaliwa tu. Ruaha Mkuu, unaopata maji yake katika milima ya Uporoto na Kipengere, zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabanana katika madimbwi machache. Sababu moja kubwa ni maji mengi yanayogeuzwa kwa mifereji huko Usangu kwenda mashamba ya mpunga. Jambo hilo si kazi ya wakati, bali ni kazi ya mikono yetu, na mikono iliyofungua mfereji yaweza pia kuufunga.

Basi, ndugu zangu, maji yaliyokwisha kupita tuyaage kwa heshima. Na hayo yajayo tuyatunze, ili watoto wetu nao wapate cha kuteka. Kwaherini.